Carina Ti inateleza gia mlimani na mshale wa spidi unacheza. Nisaidieni kabla giaboksi haijashushwa

dereva_uyole (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za asubuhi.

Nina Toyota Carina Ti, otomatiki ya gia nne, huu mwaka wa sita ninayo. Ni teksi, ndiyo inayolisha nyumba. Asubuhi napeleka watu Tukuyu, jioni narudi Uyole, Mbeya, na watu tena, na siku za neema na mikungu ya ndizi kwenye buti.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa natoka Uyole kwenda Isongole, watu wanne ndani na mizigo. Nilipofika mlima unapokaza nikakanyaga mafuta, injini ikavuma, resi ikaruka kutoka 2,500 mpaka karibu 4,000, lakini gari haikuchanganya. Ilikuwa kama mtu kaitoa gia. Baada ya sekunde mbili tatu ikashika kwa kishindo. Mama mtu mzima aliyekaa mbele akashika dashibodi kwa mikono miwili.

Siku chache baadaye mshale wa spidi nao ukaanza ya kwake. Niko 60, unaruka 80, unashuka 40, unatetemeka, mara unalala sifuri halafu unaamka. Ukilala sifuri na gia inapiga teke.

Fundi wa kwanza niliyempelekea aliendesha mita mia mbili, akashuka, akasema giaboksi imekufa, nitafute ya mtumba, 1,200,000 pamoja na ufundi. Boneti hakufungua. Hiyo hela ni ada ya watoto wangu wawili, na kilichoniuma zaidi ni kwamba sikumuona akipima kitu chochote.

Swali langu: huu ni ugonjwa mmoja au miwili?

---

mnyalu_barabarani

Kamwene mkuu. Usishushe giaboksi! Hiyo ni sensa ya spidi, naongea nikiwa na uhakika. Corolla 110 yangu ilifanya hivyo hivyo hapa Iringa. Mshale ulicheza, gia zikapiga mateke, nikabadilisha sensa, ikatulia mpaka leo. Na usiendelee kutembea na mshale unaodanganya. Mimi nilipigwa tochi na trafiki kwenye eneo la 50 nikiwa najiona niko 45, na kosa lilikuwa la gari yangu.

---

fundi_mafinga

Dereva wa Uyole, pole sana. Ndugu yangu wa Iringa anaweza kuwa sahihi na fundi wako wa kwanza naye anaweza kuwa sahihi, ila wote wawili wanataja dawa kabla ya kipimo. Ngoja niandike kwa urefu maana hili nakutana nalo kila mwezi.

Kompyuta ya gari haioni barabara. Inaamua gia kwa kuangalia hasa vitu viwili: umekanyaga mafuta kiasi gani, na gari linakwenda mwendo gani. Huo mwendo inaambiwa na sensa iliyochomekwa kwenye giaboksi. Kwenye gari za umri wa hiyo ya kwako ndani yake kuna kigia cha plastiki kinachozungushwa na giaboksi yenyewe. Kwenye Toyota nyingi za wakati huo taarifa inapita kwanza kwenye dashibodi ndipo inakwenda kwenye kompyuta. Sasa sensa ikikatika kidogo ukiwa 70, kompyuta inadhani gari limesimama. Inaweza kukunyima gia ya nne, ikafungua loku-apu ya torki konveta (kufuli linalounganisha injini na giaboksi moja kwa moja bila kupitia oili), au ikakurudisha gia ya chini. Resi inaruka, gari linapiga teke, na dereva anasema gia inateleza, kumbe kila kitu ndani ya giaboksi kinashika vizuri kabisa na amri tu ndiyo mbovu.

Kuteleza kwenyewe ni kitu kingine. Pale plate za clachi zinashindwa kubanana kwa sababu presha ya oili ni ndogo au zimeisha. Amri ni nzuri, mkono wa kuitekeleza ndio dhaifu.

Kutofautisha huhitaji mashine. Weka programu ya GPS kwenye simu inayoonyesha mwendo. Mwendo wa GPS haujui lolote kuhusu giaboksi yako, na RPM (resi, yaani mizunguko ya injini kwa dakika) inatoka kwenye injini. Tafuta mahali tambarare, tulia kwenye mwendo mmoja ukiwa gia ya nne na injini imeshapata moto. Gia ikiwa imeshika na loku-apu imefunga, RPM na mwendo vinakwenda pamoja kama ndoo na kamba. Ikiwa kwa 2,000 simu inasoma 72, basi kwa 2,500 lazima isome 90. Sasa angalia:

RPM imetulia, GPS imetulia, mshale wa dashibodi peke yake unacheza: usiguse giaboksi, tafuta sensa, waya au dashibodi.

RPM inapanda, GPS haipandi au inashuka, na mshale umetulia: hapo inateleza kweli.

Jambo moja linalowadanganya wengi: ukiwa mwendo wa 80 ukakanyaga mafuta kidogo mlimani, RPM inaweza kupanda 200 hadi 400 hivi kwa mara moja bila gia kubadilika. Hiyo ni loku-apu imeachia, ni kazi yake ya kawaida. Usiihesabu kama kuteleza.

Awepo mtu wa kushika simu. Usiangalie mwenyewe huku unaendesha.

---

mnyalu_barabarani

Fundi naheshimu maelezo yako. Ila si rahisi zaidi afanye kile kipimo cha kukanyaga breki, aweke D, akanyage mafuta mpaka mwisho aone resi inafika ngapi? Ikizidi sana, clachi zimeisha.

---

fundi_mafinga

Kipimo hicho kipo na ni cha kweli, lakini kwa sasa nakiomba asikifanye. Kwa sekunde tano tu oili ndani ya torki konveta inachemka kupita kiasi, na hatujui hata kama hiyo oili imo ya kutosha. Gari lenye oili pungufu ukalipima hivyo, clachi iliyokuwa nzima unaimaliza wewe. Kinafanyika oili ikiwa sawa, breki nzuri, mbele hakuna mtu, sekunde zisizidi tano, halafu unaweka N injini inguruma silensa (bila kukanyaga mafuta) dakika nzima ipoe.

---

dereva_uyole

Nimerudi. Jana nilishuka na shemeji yangu mpaka Igurusi, tukapima kipande cha Igurusi kwenda Chimala, tambarare. Alirekodi video ya dashibodi, simu nyingine ya GPS imebanwa pembeni yake. Usiku nimeirudia mara nyingi nikiandika.

Tambarare: RPM 2,200, GPS 79, vimetulia kama maji ya mtungini. Mshale wa dashibodi unacheza kati ya 40 na 95. Mara tatu ulilala sifuri, na mara zote tatu RPM iliruka karibu 3,000 kwa teke. GPS haikutikisika.

Wakati wa kurudi, tunapandisha Mlima Nyoka, ikawa kinyume. Mshale umetulia, hauruki wala hautetemeki. Nikaongeza mafuta, RPM ikapanda kutoka 2,800 mpaka 3,900 na GPS ikashuka kutoka 52 mpaka 46. Ilitokea mara mbili, na mara zote mbili ni kwenye kona ya kupandisha.

Kwa hiyo fundi, mshale unadanganya, na gia nayo inateleza kweli. Nimevunjika moyo kidogo.

---

fundi_mafinga

Usivunjike moyo, sasa ndiyo umejua. Na umeandika neno moja la maana sana: kwenye kona ya kupandisha. Clachi iliyokufa haichagui kona.

---

mzee_makambako

Wanangu, nimekuwa nikisoma kimya. Nimeendesha barabara hii ya Tunduma tangu haijawa na msongamano wa malori kama leo, na nimefungua giaboksi chache kwa mikono yangu.

Gari likipanda mlima na kukata kona, oili ndani ya sampu (lile beseni la chini ya giaboksi) inakimbilia nyuma na pembeni. Oili ikiwa pungufu, ule mdomo wa chujio unaovuta oili unabaki unavuta hewa. Hewa haina presha. Clachi inaachia. Ukinyooka, oili inarudi, clachi inashika kwa kishindo. Ndicho ulichokieleza mwanangu, neno kwa neno.

Sasa jiulize hiyo oili imekwenda wapi, maana giaboksi haichomi oili kama injini. Lazima imetoka. Ile sensa ya spidi imekaa kwenye giaboksi na ina mpira wa duara unaozuia oili. Mpira ule ukikauka, oili inapanda taratibu mpaka kwenye plagi ya sensa. Lala chini ya gari ukiangalia kwa tochi. Ukikuta pana unyevu mwekundu kuanzia kwenye sensa kushuka chini, basi umeuliza kama ni ugonjwa mmoja au miwili, na jibu utakuwa nalo mkononi.

Pima na oili kwa njia yake, siyo asubuhi gari likiwa baridi. Endesha mpaka lipate moto sawasawa, simama mahali pa usawa, injini inguruma silensa, pitisha mkono wa gia kutoka P mpaka L na kurudi P, ukikaa kidogo kila mahali. Injini usizime. Toa kijiti, futa, rudisha, toa tena, soma upande wa moto. Wengi wanapima injini imezimwa, oili inasoma juu, wanajiona salama.

---

dereva_uyole

Mzee shikamoo. Mikono inatetemeka kuandika.

Nimepima kama ulivyosema. Oili inagusa ncha tu ya kijiti, haifiki hata alama ya baridi. Rangi ni nyekundu iliyokolea inayoelekea kahawia. Nimenusa, haina harufu ya kuungua.

Chini ya gari pamelowa, mbichi, nyekundu, kuanzia kwenye sensa mpaka chini ya sampu. Nikachomoa plagi. Ndani ya plagi kuna oili. Nimepiga picha, mtandao ukiruhusu nitaweka.

Hili lilikuwa pale muda wote na mtu alitaka kunitoza 1,200,000.

---

mzee_makambako

Marahaba mwanangu. Hilo la kutokuungua ndilo limenifurahisha kuliko yote. Ingekuwa nyeusi na inanuka kama mkate ulioungua, ningekwambia uanze kuweka akiba. Na ingekuwa na rangi ya chai ya maziwa, maana yake maji ya rejeta yameingia, na hapo hakuna kutembea hata kilomita moja.

---

umeme_wa_magari_mwanjelwa

Naingia upande wangu wa umeme. ATF (oili ya giaboksi otomatiki) ikiingia kwenye plagi haileti shoti ile ya kuunguza fyuzi, bali mguso unakuwa hafifu, hasa gari likitikisika. Ndiyo maana mshale unaruka badala ya kufa moja kwa moja.

Kabla hujanunua sensa pima kwanza. Nyaya ni tatu: umeme, athi na ya taarifa. Swichi ikiwa ON, kati ya umeme na athi kwenye plagi upate volti kama za betri. Hukupata, tatizo liko kwenye waya na sensa mpya haitasaidia. Ukipata, safisha plagi kwa dawa ya kusafishia kontakti, ichomeke vizuri, weka gari kwenye stendi (jeki peke yake usiiamini, na zuia matairi ya nyuma), gia N, mwenzako azungushe tairi moja la mbele taratibu huku jingine limeshikwa. Gusa waya wa taarifa kwa multimita: volti zipande na kushuka, zipande na kushuka, bila kuruka. Zikipanda na kushuka vizuri lakini mshale bado unacheza, njoo tufungue dashibodi, lehemu huwa inapasuka nyuma ya geji.

Kitu kidogo cha kujua: mshale ukifa lakini kilomita zinaendelea kuhesabu, mara nyingi mbovu ni geji yenyewe. Vyote viwili vikifa pamoja, taarifa ndiyo haifiki.

Na kwa wenye gari mpya zaidi wanaosoma hapa, msitafute sensa hii kwenye giaboksi bila kuuliza. Nyingi sasa zinachukua mwendo kutoka sensa za breki za ABS zilizoko kwenye magurudumu. Hapo utaona na taa ya ABS imewaka.

---

mama_viazi_isongole

Samahani kaka zangu kuingilia uzi. Mimi nina Vitz ya zile zisizobadilisha gia, CVT. Nikipandisha na viazi resi inakaa juu 3,500 na mwendo unaongezeka polepole. Nayo inateleza? Naweza kuongeza ATF hiyo hiyo?

---

fundi_mafinga

Dada yangu, ATF ya kawaida usiweke kabisa! CVT haina gia za kupanda ngazi, ina mkanda wa chuma kati ya puli mbili, na oili yake ni tofauti kwa sababu mkanda ule unahitaji mshiko wa aina yake. Oili isiyo yake inaweza kuiharibu CVT nzima. Resi kukaa juu huku mwendo ukipanda polepole ni tabia yake ya kawaida mlimani na mzigo. Kinachonitia wasiwasi ni mwendo ukishuka huku resi ikipanda, au gari likitetemeka ukianza kuondoka. Ukiona hivyo fungua uzi wako, nitakuja.

---

dereva_uyole

Ripoti, wakuu.

Nilikwenda kwa kijana wa umeme Mwanjelwa. Volti 12.3, sawa. Sensa inapiga vizuri ikiwa safi. Mpira wa duara ulikuwa mgumu kama plastiki, ulivunjika tulipoutoa. Tumeweka mpya, 2,000 tu. Kigia cha plastiki meno mawili yalikuwa yamelika upande mmoja, tumepata cha mtumba. Fundi alikataa cha kwanza tulichouziwa kwa sababu meno yalizidi moja, akasema gari ingesoma mwendo usio wake siku zote.

Oili imeingia lita 1 na robo ndipo ikafika alama ya moto. Nimeweka aina iliyoandikwa kwenye kijiti.

Leo mshale umetulia. GPS 80, mshale 84.

---

umeme_wa_magari_mwanjelwa

Hiyo 84 ndiyo inayotakiwa. Spidomita inatengenezwa isome juu kidogo, isisome chini ya mwendo halisi. Mshale ungesoma 80 wakati GPS ni 84 ndiyo ningekuita urudi.

---

mnyalu_barabarani

Mimi nilisema sensa, na sensa yenyewe ilikuwa nzima. Ingekuwa ushauri wangu peke yake angenunua sensa mpya, akaifunga na mpira ule ule, na oili ingebaki pungufu. Asante mzee.

Vipi kuteleza mlimani kumekwisha?

---

dereva_uyole

Mlimani kumekwisha. Nimepanda Isongole mara nne na watu wanne, nikipima kwa GPS kila mara, RPM na mwendo vinakwenda pamoja.

Lakini sitaficha kitu. Asubuhi baridi ikiwa kali, safari ya kwanza, ikitoka gia ya pili kwenda ya tatu inasita kidogo, resi inapanda kama 300 halafu inashika. Ikishapata moto haifanyi tena.

---

fundi_mafinga

Asante kwa kusema, wengi huishia kwenye habari njema.

Oili baridi ni nzito na baridi ya Mbeya unaijua mwenyewe, kwa hiyo sehemu ya kusita ni hiyo. Sehemu nyingine ni kwamba ulitembea wiki tatu na oili pungufu, na clachi ya gia ya tatu ilisuguka. Kilichosuguka hakirudi, ila kinaweza kukaa miaka ukikitunza.

Fanya hivi. Angalia kebo nyembamba inayotoka kwenye throto (mlango wa hewa ya injini unaofunguka ukikanyaga mafuta) kwenda giaboksi. Hiyo ndiyo inayoambia giaboksi iongeze presha unapokanyaga mafuta. Ikilegea, presha inabaki ndogo na gia inasita. Kisha fungua sampu, mwaga, safisha chujio na sumaku, weka gasketi mpya, jaza. Itatoka kama nusu ya oili yote, inayobaki iko kwenye torki konveta. Rudia baada ya kilomita elfu moja. Usikubali mashine ya kusukuma oili yote kwa nguvu kwenye giaboksi ya umri huo.

Ile sumaku iangalie wewe mwenyewe, usisimuliwe. Tope laini la kijivu ni la kawaida. Vipande vinavyokwaruza kidole siyo vya kawaida.

---

dereva_uyole

Wiki ya tano tangu nifungue uzi.

Kebo ilikuwa imelegea, imekazwa. Sampu imefunguliwa nikiwa nimesimama pale pale. Sumaku ilikuwa na tope la kijivu, laini, nimelisugua kati ya vidole sikuhisi hata chembe. Mara ya kwanza zilimwagika lita 3, juzi tumerudia, iliyotoka sasa ni nyekundu ya kuonekana. Jumla ya kila kitu, mpira, kigia, oili mara mbili, gasketi na ufundi wa watu wawili, haijafika 200,000.

Jumamosi nilipata abiria wa kwenda Ruaha Mbuyuni. Kitonga nilishuka kwa 2 nikiwa nimezima O/D (gia ya nne), mchana nikaipanda na gari tupu, jua kali, nyuma ya malori. Shemeji alikuwa na simu. Kwenye kona zote RPM na GPS havikuachana. Nilipofika Ilula nilisimama, nikainama na tochi chini ya sensa. Pakavu.

Asubuhi ya leo, baridi ilikuwa kali hapa Uyole, pili kwenda tatu imesita kidogo sana, labda 100. Nitapima tena nikifikisha kilomita elfu nyingine, niwaletee namba hapa hapa. Mzee wa Makambako, Fundi, kijana wa Mwanjelwa, kaka wa Iringa: ndaga fijo, asanteni sana.